Saa Aliyolala Dorcas

Ukitaka kuona watu wanaojua kila kitu, njoo kwenye benchi letu la kahawa hapa London, mkabala na mlango wa mnajimu anayetibu kwa nyota. Wagonjwa wanajipanga kwake na vichupa vya mkojo, na sisi tunawapa majibu kabla hawajaingia. Mimi ni Jogoo. Shule niliikimbia siku Kilatini kilipoanza kunifukuza, lakini nyota zote nazijua, na nyingine zinanijua. Yupo Bi Thomasin, tunamwita Mama Zohali, maana hata mkate wake ukiungua, kosa ni la nyota ya Zohali. Na yupo fundi viatu, mzee Barnaby, jina lake Kichupa: mkojo wa mtu huutazama kama wenzake wanavyotazama divai. Asubuhi hiyo Ambrose, mshona glavu, alitoka kwa mnajimu kichupa mkononi, uso umemshuka, akakaa katikati yetu.

— Vipi, kakukatalia? nikamuuliza.

— Anataka saa, Jogoo. Saa ile Dorcas wangu alipozidiwa akaanguka kitandani. Bila saa hapigi falaki, bila falaki hatoi dawa. Kaniambia nikae nikumbuke.

— Si umwambie!

— Sijui.

Mama Zohali akashika kiuno.

— Mume gani wewe, hujui mkeo kalala saa ngapi?

— Mama, tangu nimwoe sijawahi kumwona kalala. Mimi natangulia, yeye anabaki anapindia glavu. Nikiamka, moto umeshawaka. Leo nimeamka, jiko baridi. Ndo nikamwona, kajikunyata, anatetemeka. Kumbe akilala anakunja ngumi, kama mtoto mchanga.

Mama Zohali akashusha mikono. Ila benchi letu na kimya hawajawahi kuoana.

— Basi ni usiku wa manane, akasema Mama Zohali. Baridi ile ni Zohali mtupu. Asiyesikia la mkuu!

— Dorcas kakataa la mkuu gani? nikamuuliza.

— La Zohali!

Kichupa akainua mkojo juani, jicho moja kalifumba.

— Rangi ya majani makavu. Huyu kaanguka alfajiri, jogoo anawika. Tena ni kidogo, Ambrose. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wazee mmechoka, nikasema. Dorcas kaugua siku ya harusi! Mwezi ulikuwa kwenye nyota ya Nge, na sumu ya nge iko mkiani, ndo maana imechelewa kufika.

— Nani kakwambia mwezi ulikuwa kwenye Nge?

— Mtazame bwana harusi mwenyewe!

Ambrose akacheka. Kicheko kikamgeukia njiani, akafuta macho kwa kiganja.

Hapo akatua ndoo zake mwanamke muuza maziwa, mgeni mtaani.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Mama Zohali. Ila benchi limejaa, mwanangu.

Mgeni akabaki wima, anatusikiliza tukirudi kwenye usiku wa manane, alfajiri na nge. Kisha akauliza:

— Na sasa hivi, huyo Dorcas yuko na nani?

Kichupa akachungulia kichupa. Mama Zohali akatazama mbinguni. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kulala, nikanywa kahawa iliyokwisha.

— Peke yake, akasema Ambrose, kama mtu aliyeamshwa. Akainuka, mbio, kofia kaiacha kwenye benchi.

Mlango wa mnajimu ukafunguka.

— Yule mume wa Dorcas, amekumbuka saa?

Muuza maziwa alishainama kwenye ndoo zake.

— Nyumba yenyewe ipi? akaniuliza.

— Ile isiyotoa moshi, nikasema, nikabeba ndoo moja.