Dakika Kumi na Moja za Josho

Benchi letu lipo mjini Bariadi, ubavuni mwa duka la dawa za mifugo, mahali ambapo kivuli hufika baada ya adhuhuri na kukaa mpaka jioni. Mama Nyanjige huuza kahawa hapo, na kashata kama karanga zimepatikana. Rogasian, mstaafu wa serikali aliyehamishiwa huku zamani kutoka Kilimanjaro akasahau kurudi, tunamwita Itifaki. Fredrick, fundi simu na muuza vocha, ni Bando. Siku hiyo kijana wetu Mihayo alikuja na kompyuta kwapani na uso wa mtu ambaye hajalala. Alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Wenyeviti wa majosho walikuwa wameletewa programu mbili, yake na ya mtu mwingine, na jioni ile wangechagua moja baada ya kuangalia video za maelezo kwenye kundi lao la WhatsApp. Ikichaguliwa ya mwenzake, Mihayo angefunga chumba chake cha kazi na kurudi Mwanza kukaa kwa kaka yake. Na video yake ilikuwa inakataa kutumwa.

— Ina uzito gani? Bando aliuliza.

— MB mia tatu na kitu.

— Kaka! Hiyo unaipeleka Bukundi? Kule mtu anapanda kichuguu kutuma meseji ya "nimefika".

— Ni dakika kumi na moja tu.

— Kumi na moja! Watu wanafunga ndoa kwa muda mfupi zaidi ya huo. Hebu tuione.

Tukabanana kwenye benchi. Mihayo alikuwa amerekodi skrini nzima ya kompyuta, mafaili yake yote yakiwa yametapakaa kama kuku waliofunguliwa asubuhi, na programu yenyewe ikiwa kidirisha kidogo katikati. Mshale ulizurura huku na huku. Sauti yake ikasalimu kwa Kisukuma: "Mwadila." Kisha kimya. Tukangoja. "Za nyumbani?" Kimya tena.

— Imekwama, alisema Itifaki.

— Haijakwama, mzee.

— Mbona husemi kitu?

— Namngoja mtazamaji aitikie.

Bando aliweka kikombe chini ili acheke vizuri.

— Mihayo, mtu yupo Bukundi, wewe upo ndani ya simu. Unamngojaje?

— Sasa nimkatishe kabla hajaitikia? Ni wazee wale.

— Kafanya vizuri, alisema Mama Nyanjige akipuliza mkaa. Mtu mzima unamsalimu, hujamsikiliza, unamwambia bonyeza hapa. Amekuwa punda?

— Mama, baada ya nyumbani kauliza watoto, akauliza mvua, akauliza mifugo, na kila swali kaachia nafasi. Dakika nne zimekwenda hatujaona kitufe!

— Kwani vitufe vinakimbia?

Video iliendelea. Mihayo alipofika kwenye kumsajili mfugaji, ujumbe ulichomoza pembeni mwa skrini: "Umekula?" Mtumaji, Matilda.

— Matilda naye ana josho? Bando aliuliza.

— Hiyo nitaifuta.

— Usifute. Wazee waone kuwa kijana ana mtu wa kumuuliza kama amekula. Inaongeza imani.

Itifaki alikohoa. Akikohoa hivyo, ujue kikao kimefunguliwa.

— Kosa silioni kwenye urefu. Kosa ni mpangilio. Kwanza utambulisho wa mtoa mada. Pili historia ya majosho tangu mkoloni. Tatu dira, dhamira na malengo. Programu yenyewe inakuja baada ya neno la shukrani.

— Baada ya shukrani watu wanaondoka, mzee.

— Wanaondoka wakiwa wamejiandaa.

— Sikiliza mimi, Mihayo, alisema Bando. Iendeshe mara mbili ya kasi. Salamu za dakika nne zinakuwa mbili, na wewe unasikika kama mtangazaji wa mpira. Tia muziki. Halafu ikate vipande ishirini, kila kipande kwenye kadi yake ya kumbukumbu, bodaboda wawili, mmoja Bukundi, mmoja Nyashimo. Mtandao wa nini?

— Na bodaboda akifika asalimie nani kwanza? aliuliza Mama Nyanjige.

— Kipande cha kwanza ndicho kitasalimia.

— Ng'ombe je? Maana wao ndio wanaoogeshwa, na hakuna aliyewasalimu.

Itifaki alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote, akasema kwamba kwenye orodha ya itifaki ng'ombe wangekuja baada ya wenyeviti ila kabla ya kamati ndogo.

Mihayo hakucheka. Alitazama saa ya kompyuta, akashusha pumzi.

— Mama, nikisalimia mara moja tu, kwa heshima, nikaendelea, watanuna?

Mama Nyanjige alimmiminia kahawa kwanza.

— Salimia vizuri, baba. Kuitikia wataitikia wenyewe, hata kama umeshapita. Mimi naitikia redio kila siku.

Basi akafanya kazi pale pale, nasi tukanyamaza, jambo ambalo kwetu ni zawadi kubwa. Alifunga kila kilichokuwa wazi, akazima jumbe, akaikuza programu mpaka ikajaza skrini. Akarekodi mambo matatu tu: chagua mfugaji, andika idadi ya ng'ombe, bonyeza Hifadhi. Mshale ulikaa mahali pake mpaka ulipohitajika. Video ikawa dakika moja na nusu. Bando aliipima uzito, akapiga mluzi.

— MB sita. Hii inafika hata kama kichuguu kimebomoka.

Ndipo akatoka mtu kwenye duka la dawa, debe mkononi. Alitusalimu mmoja mmoja, akaulizwa za kwake, akauliza za kwetu. Alijitaja: Mahona, mwenyekiti wa josho la Zagayu.

— Zagayu! Bando aliruka. Baba, wewe ni mpiga kura mwenyewe! Kaa hapa. Mihayo, muoneshe.

Mahona aliketi, akaangalia video yote bila kupepesa. Salamu aliiitikia kwa sauti ya chini. Ilipokwisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

— Nimeelewa. Mfugaji, idadi, Hifadhi. Imekaa vizuri, wabeja, asante.

Mihayo alianza kutabasamu.

— Sasa, mwanangu, tuseme nimeleta ng'ombe hamsini. Mmoja amegoma mlangoni mwa josho, karuka uzio, karudi porini na kupe wake. Hapo nabonyeza wapi?

Mihayo alirudi kwenye sehemu ya idadi, akaikodolea macho.

— Unaandika arobaini na tisa, alisema Bando.

— Itakataa, alisema Mihayo polepole. Inataka idadi iliyosajiliwa. Ukihifadhi, inaandika wote wameogeshwa.

— Lakini hajaogeshwa.

— Ndiyo, baba.

— Na kwangu wanagoma kila wiki. Kwenye video yako wanatii wote.

— Wale ni wa mfano tu. Niliwatunga.

Itifaki aliinama akanong'ona, ingawa kunong'ona kwake husikika mpaka stendi.

— Tuma kama ilivyo. Utarekebisha ukishachaguliwa. Hakuna atakayeuliza.

— Nimeshauliza, alisema Mahona, bila ukali.

Mihayo alikaa, mikono juu ya magoti. Nilimwona anatazama ile video fupi, safi, ambayo mchana mzima alikuwa akiipigania, na sikuweza kujua ningefanya nini mahali pake. Kisha akavuta kompyuta, akawasha kurekodi, akaongeza maneno mwishoni:

"Ng'ombe akigoma kuingia joshoni, programu hii bado haina pa kumwandika. Msibonyeze Hifadhi kwa kundi hilo. Sijapatengeneza, napatengeneza."

— Umejimaliza, alisema Bando.

— Pengine.

Akatuma kwenye kundi la wenyeviti. Simu ya Mahona ikalia mfukoni. Mzee aliifungua, akaiangalia video upya mwanzo hadi mwisho kana kwamba hakuwahi kuiona, na alipofika kwenye maneno yale ya mwisho aliyarudia kuyasikiliza. Mihayo alikuwa anamtazama mikono tu, maana usoni mwake hapakuwa na cha kusoma.

— Yule mwenzako ametuma yake jana, Mahona alisema, akiinuka na debe lake. Nayo niliielewa. Nitampigia sasa hivi, nimuulize na yeye habari ya ng'ombe aliyegoma.

Alisogea pembeni, akatafuta namba. Mama Nyanjige alitaka kumjazia Mihayo kikombe, akainamisha birika, likatoa mashapo matupu. Hakuna aliyeinuka. Sote tulikuwa tunasikiliza simu ikiita.