Shangazi Anaiacha Nyumba ya Vifaranga Ikiwa Kimya

Baada ya miaka thelathini na moja ya kulea vifaranga katika shamba letu la kuku, mlezi mkuu wa nyumba ya vifaranga anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye mshahara wanalijua watu wa ofisini. Sisi wengine tunamwita Shangazi, na hata meneja, ambaye kwa umri ni kaka yake, akimwita vingine haitikiwi.

Alianza kazi akiwa mfagiaji wa mabanda. Mlezi wa wakati ule aliugua, akatafutwa mtu wa kushika nafasi kwa muda, Shangazi akaingia humo na hakutoka tena. Mimi nachanganya chakula cha kuku katika jengo la jirani, kwa hiyo ninayoyaeleza sikuhadithiwa.

Wageni waliomwona kazini waliondoka wakicheka. Hakuamini kipimajoto peke yake. Alimchukua kifaranga, akaigusisha miguu yake kwenye shavu lake mwenyewe, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza simu, kisha akaishusha taa ya joto au akaipandisha. Meneja alipokuwa mgeni alitaka kuingia na viatu vyake vya kung'aa. Alirudishwa mlangoni, akakagua nyumba nzima akiwa amevaa ndala za Shangazi za waridi, tena zilimbana. Na wapo wanaokumbuka kikao cha bajeti kilichovurugwa na mlio uliotoka kwenye mfuko wa koti lake. Alikuwa amembeba kifaranga dhaifu ili apate joto, akasahau kwamba yumo.

Natamani wasifu huu ungeishia kwenye ndala. Mwenyewe amekataa. Ameniambia nikiandika mazuri matupu hatakuja kwenye sherehe, na Shangazi akisema haji, haji.

Tangu mwaka uanze alikuwa na ombi moja tu: aikabidhi nyumba ikiwa na vifaranga wazima, ili anayempokea aanze kazi akisikia sauti zao. Kwa ajili ya kundi hilo la mwisho alitenga maranda ya mbao ya kuwatandikia sakafuni, bora kuliko yote, meupe, laini, yasiyo na vumbi. Aliyapanga kwenye magunia nyuma kabisa ya stoo ili mtu asiyaguse, yakakaa huko msimu mzima wa mvua. Tulimtania kwamba anaandaa kitanda cha bibi harusi, naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Vifaranga walifika wachangamfu. Siku chache baadaye wakaanza kuzubaa, mabawa yameshuka, midomo wazi, wanavuta pumzi kwa shida wala hawalii. Asubuhi moja tulimkuta Shangazi amebeba ndoo iliyojaa waliokufa. Akaongeza joto, wakafa. Akapunguza, wakafa. Alibadilisha maji, akawapa vitamini, akashinda nao mpaka macho yakamvimba.

Hapo ndipo alipomgeukia dereva aliyewaleta. Alimsimamisha uani mbele ya watu, akamwambia amewaacha wapigwe na baridi njiani ili yeye anywe chai, na kwamba asiye na huruma na kiumbe cha siku moja hafai kupewa usukani. Dereva wetu ni mtu mpole, hata honi anaipiga kwa aibu. Siku hiyo aliondoka bila kula chakula cha mchana.

Daktari wa mifugo alikuja, akawapasua kadhaa juu ya meza ya stoo. Mapafu yao yalikuwa na vijivimbe vya manjano, vidogo kama punje za mtama. Akaomba aonyeshwe maranda. Lilikuwa limebaki gunia moja. Juu lilikuwa jeupe vilevile, lakini alipolipasua, katikati yalikuwa yameshikana kwa unyevu na yameota kuvu ya kijivu iliyotimka hewani kama vumbi. Vifaranga walikuwa wakiivuta tangu siku ya kwanza. Daktari alieleza taratibu kwamba walioathirika hana dawa ya kuwaponya.

Maranda ya kila kundi Shangazi huyanusa kiganjani kabla ya kuyatandaza. Haya hakuyanusa. Aliyachagua mwenyewe, akayaamini.

Alikaa chini palepale stoo. Alipoinuka alikwenda gereji, akawaita wote waliomsikia akifoka, akamwomba dereva radhi mbele yao. Dereva akasema yaishe, Shangazi, yaishe, na machozi yakamtoka yeye kwanza.

Wachache walionusurika wamehamishiwa banda jingine. Meneja, kwa nia njema kabisa, alijitolea kuagiza kundi jipya liwahi sherehe. Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la mwaka mzima, na lilikuwa mkononi. Akalikataa. Alisema nyumba ina kuvu, ioshwe, ipigwe dawa, ikauke, ipumzike. Hawezi kuwaua wengine ili yeye apigwe picha nzuri. Kisha akazizima taa za joto mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tangu siku ile nikipita pale na toroli la chakula naumia, na sioni sababu ya kuficha.

Shangazi, umelea kuku waliolisha mji huu, na umetulea sisi kwa makaripio yako. Tunakushukuru kwa yote. Anayekupokea ameshaagizwa anuse kila gunia, hasa lile atakalolichagua mwenyewe. Unatuachia nyumba tupu, na hatutakuambia usilie. Nenda ukapumzike. Tunakutakia maisha marefu, na asubuhi nyingi za kufungua mlango bila kuogopa utakachokikuta ndani.