Kevina Namubiru na Kibali cha Kulea

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na tano Machi, mwaka 1987. Ni saa kumi alasiri. Nje ya studio yetu hapa Stockholm theluji imechanganyika na mvua, na barabara zimejaa tope la kijivu.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Kevina Namubiru wa Rågsved, kusini mwa jiji hili, aliyefariki Jumanne kwa ugonjwa wa moyo. Wengi wenu mlimfahamu. Alizaliwa Masaka, Uganda. Alifika nchi hii mwaka 1977 akiwa mkimbizi, yeye na mumewe Erisa. Alifanya kazi ya usafi katika uwanja wa ndege. Alipanda treni ya Märsta alfajiri na kurudi mchana miguu imevimba. Hakujaliwa kuzaa. Lakini alilea watoto wawili, na jinsi alivyowapata ndiyo habari yetu ya leo.

Mapema mwaka 1983 jirani yake Truphosa, Mkenya aliyekuwa akisomea uuguzi, alilazwa hospitali. Figo zake zilikuwa zimeharibika. Alikuwa na binti wawili: Jerioth, mwenye miaka kumi na minne, na Milcah, mwenye miaka minne. Baba yao alikuwa amekwisha kurudi Kenya na hakujibu barua. Truphosa alimwomba Kevina awachukue. Kevina akawatandikia kitanda siku hiyo hiyo.

Hapo sheria ikaingia. Katika nchi hii, wasikilizaji, huruhusiwi kumlea mtoto wa mwenzio nyumbani kwako kwa mpango wa kudumu, mpaka halmashauri ya ustawi wa jamii ikuchunguze na kukupa kibali. Wanatazama rekodi za polisi. Wanawauliza wanaokufahamu. Wanakuja kuona nyumba. Mswidi anachunguzwa na mgeni anachunguzwa. Kevina hakuipinga sheria hiyo. Alimwambia Erisa kwamba hata yeye, kama angekuwa na mtoto, angetaka kujua analala kwa nani.

Afisa aliyepewa kazi hiyo alikuwa mama mwenye subira, jina lake Gun-Britt. Aliuliza kuhusu mwenendo wa Kevina huko Uganda. Kevina akaeleza kwamba polisi wa kuulizwa ndio hao hao aliowakimbia. Gun-Britt aliandika hivyo, akasema inatosha.

Kisha akaja kuiona nyumba. Kevina alikuwa amepika viazi na mchuzi wa karanga tangu asubuhi. Gun-Britt alikunywa kahawa tu. Alikagua vyumba, akazungumza na wasichana, akaridhika. Alipoaga, Kevina akamletea kuku aliyefungwa vizuri kwenye karatasi. Kwa Waganda mgeni wa heshima hupewa kuku wa kwenda naye. Masaka angekuwa hai, amefungwa miguu. Rågsved alikuwa wa barafu, kutoka duka la chini. Gun-Britt alikataa kwa upole, mara mbili. Kevina akadhani mgeni anaona haya. Gun-Britt alipoinama kuvaa viatu, Kevina akamtia yule kuku mkobani.

Gun-Britt alimgundua ndani ya treni, maji yakimchuruzikia mapajani. Kanuni za kazi yake hazikumwachia nafasi. Aliripoti kwamba mwombaji amemtilia zawadi kwa siri katikati ya uchunguzi. Ombi likasimamishwa. Wasichana wakapelekwa kwa familia yenye kibali huko Gävle, mbali na mama yao.

Abdu, rafiki wa familia na mkalimani, alicheka mpaka akatoa machozi.

"Dada Kevina, umeihonga serikali ya Sweden kwa kuku? Kwetu hata tarishi angedai mbuzi."

Kisha akaacha kucheka. Alimshauri aiambie halmashauri kwamba mikoba ilichanganyika, na kwamba kuku alikuwa wa chakula cha jioni. Watoto wangerudi baada ya siku chache. Erisa naye akamsihi. Kevina akaenda hospitali kumwuliza Truphosa. Truphosa akamwambia aseme lolote litakalowarudisha watoto.

Siku ya kikao ilipofika, Kevina alisema kweli. Abdu ndiye aliyetafsiri.

"Nilimpa kwa sababu alikuwa mgeni wangu. Nilimtilia mkobani kwa sababu alikataa, na hilo ni kosa langu. Lakini sikuwa nikinunua kibali."

Mwenyekiti akamwuliza kama angerudia.

"Akija kwa kazi yenu, hapana. Akija kunisalimu, ataondoka na kuku."

Mjumbe mmoja alitabasamu. Hata hivyo halmashauri iliamuru uchunguzi uanze upya, na afisa mwingine. Afisa huyo akaenda likizo ya kiangazi. Kikao kikaahirishwa. Truphosa alifariki mwezi wa Septemba. Katika miezi hiyo yote aliwaona binti zake mara chache, wakiletwa na kurudishwa. Kibali kilitoka Oktoba.

Erisa alituambia hivi juzi: "Aliporudi kutoka mazishini alikaa jikoni bila kuvua koti. Akaniambia, 'Erisa, ningesema uongo ule, Truphosa angekufa watoto wake wakiwa karibu.' Nikamvua koti mwenyewe."

Wasichana wakarudi Rågsved. Milcah alikuwa akijibu kwa Kiswidi tu. Kevina alimsemesha Kiswahili kila asubuhi akimsuka nywele, akangoja. Kwa Jerioth mambo yalikuwa magumu zaidi.

"Nilimlaumu," anasema Jerioth. "Nilimwambia alijali usafi wa jina lake kuliko mama yangu. Hakujitetea. Alinipikia, akaninyooshea nguo, akaniacha nikasirike. Mwishowe hasira ikachoka yenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Erisa. Tunawapa pole Jerioth na Milcah, ambao wamezika mama mmoja na sasa wanamzika wa pili. Mnaotusikiliza Norsborg, Märsta na kwingineko, tunawaomba mtafakari. Ni haki mtoto alindwe. Kevina mwenyewe alilisema hilo mpaka mwisho. Lakini mnaofanya kazi katika ofisi hizo, nasi tunaokuja mbele yenu na desturi zetu, tujiulize ni nani anayengoja wakati faili liko mezani.

Kibali kilikuwa cha Kevina na Erisa pamoja. Kwa hiyo nyumba itachunguzwa tena. Gun-Britt, ambaye amestaafu, alikuja kwenye ibada ya kumwombea marehemu, akaketi nyuma. Abdu ameomba ruhusa kazini ili atafsiri kikaoni. Erisa ameacha zamu za usiku. Milcah amerudi shuleni. Jerioth, aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, ameiandikia halmashauri akiomba naye achunguzwe, awe mlezi wa Milcah pamoja na Erisa.