Hatua Kumi na Nane za Mzee Takataka

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Takataka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mwashi na mkewe. Alizaliwa akitanguliza miguu. Mkunga alimwambia mama yake kuwa miguu ya mtoto huyu itakuwa na haraka kuliko mwenyewe. Watu wakacheka, wakasahau.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 akaishia la nne, baba yake alipoanguka kazini akavunjika kiuno. Kusoma alijua, ila taratibu, kidole kikitembea chini ya mstari.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa kuwa mfagizi wa stesheni ya reli, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne. Alifagia akirudi kinyumenyume, asikanyage alipokwisha kusafisha. Benchi aliliinua, hakulizunguka. "Uchafu unamjua mvivu," aliwaambia wenzake. Mwaka 1979 gurudumu la toroli ya mizigo lilimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Tangu hapo unyayo wake ulijulikana popote ulipopita: vidole vinne.

Tarehe 8 Novemba 1975 alifunga ndoa na fundi cherehani wa sare za shule, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Mwaka 1983 aliokoka. Jumapili ya kwanza aliyopewa kusoma neno kanisani, palipoandikwa "watakatifu" yeye alisoma "takataka", kwa sauti, mara mbili. Kanisa zima lilicheka, mchungaji akajishika mbavu. Jina likaganda. Naye hakulikataa. "Sijakosea sana," alisema. "Vitu hivyo viwili ni majirani. Katikati yao umesimama ufagio."

Baadaye yeye ndiye aliyewafundisha wanaojiandaa kubatizwa maana ya utakaso. Hakuwa na maneno makubwa. Kuokoka, alisema, ni kupewa nyumba. Kutakaswa ni kuifagia kila siku, na Bwana ndiye anayekushika mkono ulioshika ufagio. Majani yakianguka tena kesho, si kosa la ufagio. Ole wako ukiacha kona moja ukaifungia mlango.

Yeye mwenyewe alikuwa na kona hiyo. Ni haki isemwe hapa, kwa sababu aliagiza isemwe. Uwanja wa nyumba yao ulikuwa mmoja wenye milango miwili inayotazamana, hatua kumi na nane kati yake, wake na wa mdogo wake, fundi saa. Mwaka 2005 mama yao alifariki kijijini, mikononi mwa mdogo aliyekwenda kumuuguza. Habari zilimfikia marehemu zimechelewa, akakuta kaburi limeshafunikwa. Kuanzia siku hiyo alifagia uwanja hadi katikati, akaishia hapo. Upande huu mchanga safi, upande ule majani, mstari kati yake. Miaka kumi na tisa hawakusemezana, na kanisani walikaa benchi moja, huyu mwanzo, yule mwisho. Mkewe, kabla hajafariki mwaka 2016, alimtania kitandani: "Baba watoto, umefagia stesheni nzima, zimekushinda hatua kumi na nane?"

Jumatatu tarehe 8 Januari mwaka huu, marehemu alifagia asubuhi kama kawaida, akaingia ndani kunywa chai na binti yake mkubwa. Walipotoka waliziona nyayo mchangani. Zilianzia kizingitini kwake, zikavuka mstari, zikaenda hadi mlangoni kwa mdogo wake. Vidole vinne mguu wa kushoto. Hazikurudi.

"Baba, ulitoka saa ngapi?" binti akauliza.

"Nitoke saa ngapi, wakati tumekaa wote?"

Binti alimtazama miguu. Ilikuwa mikavu, haina mchanga. Marehemu akachukua ufagio, akazifuta hadi kwenye mstari, akasimama hapo. Zilizokuwa upande wa pili zikabaki. Kesho yake zilikwenda nyingine, na keshokutwa pia. Binti alijaribu kumwagia uwanja maji, akajaribu kufunga mlango kwa ufunguo na kuuweka mfukoni. Zilikwenda.

Mwezi Mei moyo wake ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, hakuweza tena kusimama bila kushikwa. Binti akawa ndiye anayefagia. Kila asubuhi marehemu alimuuliza kutoka kitandani:

"Zimekwenda?"

"Zimekwenda, baba."

"Zimerudi?"

"Bado."

Siku moja mwezi Agosti, fundi saa alimwita binti huyo kutoka mlangoni kwake. "Mwanangu, mwambie kaka asinichezee. Kila siku anabisha. Naitikia karibu, nikifungua hakuna mtu. Kikombe chake nimekiweka mezani tangu Januari, chai inapoa namwaga."

Binti alipofikisha maneno hayo, marehemu akasema, "Miguu imeokoka kabla yangu. Niinue."

Hiyo ilikuwa Jumatatu tarehe 12 Agosti. Alishikwa huku na binti, huku na mwanawe, akaweka mguu mmoja mmoja ndani ya nyayo zile. Miguu ilikuwa imevimba, lakini ilienea humo kama ndani ya viatu vya zamani. Akafika kwenye mstari, akavuka. Kabla hajabisha mlango ukafunguka.

"Karibu, kaka," fundi saa akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi.

Alikalishwa. Mdogo ndiye aliyeanza. "Nilichelewesha habari kwa makusudi. Wewe ndiye uliyependwa. Nilitaka mama awe wangu siku moja tu."

"Nilijua," marehemu akajibu. "Na mimi chuki ile niliitunza kwa sababu ilikuwa tamu. Nisamehe."

"Kunywa kwanza. Ya leo ina moto."

Kisha marehemu akaomba ufagio na kigoda. Akafagia upande wa pili ameketi, wanawe wakimsogeza kigoda nyuma kidogokidogo, hadi mstari ukapotea. Kesho yake hapakuwa na unyayo wowote, wala siku iliyofuata.

Alifariki Alhamisi tarehe 15 Agosti 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mdogo wake amemshika mkono. Binti alipotoka kuwaita majirani alikuta uwanja wote umefagiwa, na hakuna aliyeshika ufagio. Katikati zilikuwepo nyayo za vidole vinne. Safari hii zilikuwa zinarudi. Zilitoka mlangoni kwa fundi saa, zikafika kwenye kizingiti cha marehemu, hazikuingia. Zilipinda hapo, zikaelekea lango kuu lililokuwa bado limefungwa, zikaishia chini yake. Hazijafutwa. Mnaorudi nyumbani baada ya mazishi mnaombwa mpite pembeni.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, na ufagio uliosimama nyuma ya mlango. Bwana aliyeianza kazi ndani yake ameimaliza. Na ampumzishe kwa amani, mahali ambapo majani hayaanguki.