Mgeni wa Nyumba ya Dzubay

Baba Padri, ndugu, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki cha Kettle Run katika mvua ya leo, Alhamisi tarehe 24 Oktoba 1996, mimi ni Petro Dzubay, marehemu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake, kazi niliyoikataa mara mbili, na mtaijua sababu kabla sijakunja karatasi hii. Desturi ni kulitaja jina la marehemu mwanzo kabisa, lakini leo nawaomba mnivumilie, nitalitaja mwishoni, kwa sababu ndani ya nyumba yetu jina hilo halikutajwa kwa miaka arobaini na minane, na mwezi huu lilipotajwa tena mliona wenyewe yaliyofuata.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1924 hapa hapa Kettle Run, katika nyumba za kampuni ya makaa ya mawe, akiwa mtoto wa kwanza wa mchimbaji Vasyl Dzubay na mkewe Hafia, waliotoka milima ya kwetu ng'ambo wakiwa na sanduku moja na picha takatifu moja. Babu Vasyl alimpenda mtoto huyu kupita kiasi, kila alfajiri alimbeba mabegani hadi mlango wa mgodi, na jioni alipotoka alianza kuliita jina lake kabla hata hajavua taa kichwani, kiasi kwamba wachimbaji wenzake walimtania, "Vasyl, humu chini hakuna mtoto, unamwita nani?" Tarehe 3 Februari 1936 dari la handaki namba sita lilianguka, wakafa watu kumi na mmoja, saba wakatolewa na wanne hawakupatikana hadi leo, Babu akiwa mmoja wao. Tuliwazika kama tunavyowazika wote waliobaki chini, jeneza lenye suti ya Jumapili na viatu, bila mtu.

Kuhusu elimu, marehemu alimaliza darasa la nane mwaka 1938, akashona mashati kiwandani kwa miaka mitano, na tarehe 5 Septemba 1943 akapanda basi kwenda New York kushona sare za jeshi. Huko, mwezi Mei 1946, alikutana na Bwana Leland Crouse, mchoraji wa majalada ya yale magazeti ya hadithi za mauaji, yale ya karatasi mbaya ambayo wazee waliopo hapa waliyaficha chini ya godoro na wanajifanya hawayajui. Kazi ilikuwa hivi, msichana anavalishwa gauni, anawashiwa feni ili nywele ziruke, anafungwa kamba au anawekewa bastola ya mbao mkononi, anapigwa picha, kisha mchoraji anakaa na picha hizo na kuchora jalada kwa rangi za mafuta. Siku ya kwanza marehemu alipiga kelele hadi wapangaji wa chini wakagonga dari kwa fagio, lakini Bwana Crouse akamwambia, "Kupiga kelele kila mtu anaweza, bibie, mimi nataka mtu anayejua kufa." Akajilaza sakafuni. Mpiga picha aliacha mashine yake akaja kumgusa shingo, na walipomuuliza amefundishwa na nani, alijibu kwamba tangu azike jeneza tupu alikuwa akilala kila siku akijaribu kuwa kama baba yake kule chini, ili ajue yukoje.

Kuanzia hapo hakukosa kazi, huko kazini aliitwa Paula Dane, jina la kubuni, akachorwa pia kwenye kalenda za gereji, yule dada aliyenaswa na kamba ya mbwa wake na sketi imepeperuka, na nyingine ambazo Baba Padri ataniruhusu nizipite. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa maiti. Kwa hesabu ya mumewe alikufa mara mia moja na kumi na nne, alizamishwa, alinyongwa, alitupwa kutoka kwenye treni, na nyumbani aliandika kwamba yuko katika ofisi ya magazeti, jambo ambalo lilikuwa nusu kweli.

Mumewe nitamtaja hapa ingawa ndoa ilikuja baadaye. Aliitwa Harold Beam, mwenyeji wa Nebraska, mtu mpole aliyeogopa hata kuua nondo, ila Mungu alimpa nyusi nene, kwa hiyo katika majalada ndiye alikuwa muuaji. Alimnyonga marehemu mara kumi na moja kabla hajapata ujasiri wa kumwalika kahawa, na kila mara feni ikizimwa alimwuliza, "Sikukuumiza, dada?" Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1951, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1953, huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye naye jina lake mnalijua na nawaomba mlishike mdomoni kwa leo.

Sasa nirudi mwaka 1948, na hapa ndipo wengi wenu mmesikia nusu tu. Mwezi Novemba lilitoka gazeti lenye jalada la mwanamke aliyelala kwenye ngazi za nyumba, gauni la njano, kiatu kimoja kimemtoka, macho wazi, na ukutani nyuma yake saa inaonyesha saa kumi na dakika kumi. Kinyozi wetu Bwana Tomko alimtambua, akampelekea Bibi Hafia gazeti akidhani atafurahi, na alipoona Bibi amepauka alimwambia haraka, "Mama Hafia, hii ni rangi tu, ni mchoro wa hadithi, binti yako mzima." Bibi akajibu, "Naona. Niachie hilo gazeti." Saa moja baadaye alikuwa kwa padri wa wakati ule, mzee sana, akamwambia binti yake ameuawa New York na mwili hautakuja. Baba yangu Mihal alikuwa jeshini Japani, hapakuwa na mwanamume wa kumzuia, na Bwana Tomko alipojaribu kueleza, wanawake walimfukuza uani kwa maji ya kuoshea vyombo. Kengele zikapigwa, na tarehe 20 Novemba 1948 likazikwa jeneza lenye gauni lake la komunyo, kando ya lile la suti ya Babu, likasimamishwa jiwe lenye jina.

Marehemu hakujua lolote. Tarehe 29 Desemba alishuka kwenye basi akiwa na koti jipya na zawadi za Krismasi yetu ya Januari, ya kalenda ya kale, akakuta viatu vingi mlangoni, akafurahi kwamba kuna wageni. Ilikuwa arobaini yake. Watu walikuwa wanakula ngano ya asali, na mezani kulikuwa na kiti kitupu, sahani na mshumaa, kama tunavyomwekea aliyetangulia. Mama mmoja alizimia, wengine wakapiga ishara ya msalaba, wakangoja Bibi apige yowe la furaha au la woga. Bibi hakupiga yowe. Alimtazama mtoto wake kuanzia miguuni hadi kichwani, akavuta kile kiti kitupu, akasema, "Karibu, mgeni. Kaa ule." Marehemu akakaa, akala chakula cha arobaini yake mwenyewe, na tangu siku hiyo mama yake hakumwita kwa jina tena hata mara moja, mbele ya watu wala faraghani. Baba yangu aliporudi aliapishwa mbele ya picha takatifu amwite dada tu, sisi tukafundishwa kusema shangazi, na Bibi alimwita mgeni hadi tarehe 8 Aprili 1979 alipofariki.

Watoto wa mji huu tulikuwa tukimgusa mkono kuona kama ni wa baridi, nami niligusa, ulikuwa wa moto kama wa mtu yeyote. Lakini yapo mambo. Tarehe 14 Agosti 1949 ghorofa ya Bwana Crouse iliungua, wakafa watu watatu akiwemo yeye mwenyewe, na marehemu alikutwa ameketi ukingoni mwa barabara, gauni halina hata alama ya moshi, hakumbuki kushuka ngazi. Mwaka 1957 basi lililomleta kwetu lilibingirika kwenye barafu, alitoka peke yake akitembea. Mwaka 1963 madaktari walimwona uvimbe kifuani, picha ya pili haikuonyesha kitu, wakafikiri wamechanganya picha za watu. Kila jambo aliandika barua nyumbani, na kila mara Bibi alijibu kupitia baba yangu kwa maneno yale yale, "Mwambieni mgeni nimesikia."

Haya yote aliyabeba, kilichomuumiza ni jina tu. Aliniambia kwamba Novemba moja, akiwa likizo hapa na mtoto wake mchanga, alimfuata Bibi makaburini kwa siri, akamkuta amesimama kati ya makaburi mawili, akilionyesha kwa kidole jiwe lenye jina la binti yake na kusema kwa ukali, "Huyu hapa! Uko naye! Unataka nini tena?" Marehemu alirudi nyumbani analia, kwa kuwa alielewa kwamba mama yake ameamua mtoto wake ni lile jiwe.

Majalada yalipoanza kutumia picha za kamera, mwaka 1958, aliacha kazi hiyo akauza glovu katika duka kubwa la Brooklyn hadi alipostaafu mwaka 1986. Bwana Harold alifariki mwaka 1988, na mwaka uliofuata marehemu akarudi Kettle Run kuishi nasi, akilala chumba cha mama yake, akipika kabichi ya kuviringishia nyama isiyofikia ya Bibi, na tukimwambia hivyo alisema, "Mkitaka ya Bibi mfuateni aliko." Hakuugua hata mafua.

Mwezi huu tukiwa jikoni tunamenya viazi, aliniambia, "Petro, nina miaka sabini na miwili na kila Jumapili napita mbele ya kaburi langu. Nimechoka kuwa mgeni." Mimi ni mtu wa kutenda. Jumamosi tarehe 12 nilichukua mtaimbo, nikang'oa lile jiwe, nikalivunja vipande viwili, nikarudi nikamwita kwa jina lake kamili mlangoni mwa nyumba ya Bibi. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akasema, "Rudia." Nikarudia. Ninyi mnajua siku tisa zilizofuata, alivyoingia kwa mwoka mikate, posta, hadi kwa mjukuu wa Tomko kinyozi, akijitambulisha kwa watu waliomjua maisha yao yote, na wakicheka naye anacheka. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile. Siku ya tatu aliniambia kwamba kuna mtu anamwita jioni kutoka upande wa mgodi, nikamwambia, "Ni mji mzima, wamelipenda jina lako."

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 21 Oktoba. Daktari anasema ni moyo, uliochoka, hakuna zaidi. Nilimkuta kwenye ngazi za nyumba, katika gauni lake la njano la nyumbani, kiatu kimoja kimemtoka. Saa ya ukutani sikuitazama wakati ule, mke wangu ndiye aliyeitazama.

Jana tulichimba kaburi pale pale, kati ya Babu na Bibi. Jeneza la mwaka 1948 lilikuwa limeoza, gauni halikuwepo, ila palikuwa na kopo la biskuti lililozibwa kwa nta ya mshumaa. Ndani mlikuwa na lile jalada, rangi zake mbichi kama za leo, na ukurasa wa kitabu cha sala ulioandikwa kwa herufi zetu kwa mkono wa Bibi. Baba Padri ameusoma, nami nausoma kama ulivyo.

"Vasyl, tangu kiangazi unakuja mlangoni unaliita jina la mtoto. Najua upo peke yako huko chini na kuna giza. Siwezi kukupa. Nimekupa picha na gauni, ridhika. Jina lake sitalitaja tena usije ukasikia ukajua yuko kwangu. Atanichukia, na achukie. Atakayeona maandishi haya, asiliondoe jiwe."

Kwa hiyo Bibi alimwelewa kinyozi neno kwa neno. Mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya kabichi alimdanganya padri, mji na mumewe, akamkataa mwanawe mezani kwa miaka thelathini, ili aendelee kumwona mzima. Na shangazi yangu amekufa bila kujua. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote, tulilipata kopo siku mbili baada ya yeye kwenda. Mkiniuliza kama nimemuua au nimempa siku tisa ambazo hakuwahi kuwa nazo, nitawaambia sijui, nimekaa nalo tangu jana na bado sijui.

Kwa niaba ya ukoo namshukuru daktari na wauguzi waliofika haraka, majirani mlioleta mikate na viti, wachimbaji wastaafu mliochimba kaburi na hamkukimbia, na wale akina mama wawili wa kaunta ya glovu waliosafiri kutoka Brooklyn. Jalada na ukurasa tumevirudisha ndani ya kopo, vitashuka naye.

Sasa nalitaja, kwa kuwa aliyekuwa akilisikiliza ameshalisikia. Paraskeva, binti Vasyl na Hafia, mama yako hakukusahau hata siku moja, pumzika kwa amani. Nawe Babu, umengoja miaka sitini, huyu hapa, uko naye, usije tena kuuliza mwingine. Marehemu ameacha mtoto mmoja na wajukuu watatu, wamesimama hapa mbele yenu, na majina yao sitayataja.