Utuachie Zamu ya 2031

Mgeni rasmi, Bwana Curtis Odom, meneja mkuu wa timu yetu ya kikapu, Wapuliza Vioo wa Toledo, viongozi wa meza ya mbele, wafanyakazi wenzetu:

MAKARIBISHO
Karibu kwenye chakula chetu cha kila Februari. Kabichi zilizojazwa nyama wamezipika wauza vyakula wetu wenyewe, usiondoke hujala. Anayesoma ni Bernadette Kaczmarek, mshona majina ya jezi kwa miaka ishirini na saba. Sauti ikitetemeka, mnivumilie.

TULIKOTOKA
Kila Juni timu za ligi huchagua vijana wapya kwa zamu, na zamu huweza kupewa timu nyingine, ili itupe mchezaji, miaka mingi kabla haijafika. Miaka mitatu iliyopita tulisimama hapa tukamwomba mtangulizi wako atuletee nyota. Risala ile niliisoma mimi. Alitusikia. Akamleta Renard Askew, akatoa zamu zetu za kwanza za 2027 na 2029. Za 2028 na 2030 wenzetu waliotupa Askew wana haki ya kubadilishana nasi: yetu ikiwa nzuri kuliko yao wanaichukua, wanatuachia yao. Askew alicheza mechi kumi na tisa, goti likamkataa. Siku ile tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Leo tunaona aibu.

MAFANIKIO
Sakafu ya mbao tunaitandaza juu ya barafu wanayochezea mpira wa magongo kwa saa mbili na nusu, na hakuna mchezaji aliyeteleza kwa kosa letu. Zaidi ya hapo hatuna la kujisifia. Msimu huu tumeshinda mechi kumi na moja.

CHANGAMOTO
Kwenye chumba cha kufulia tuna ubao wa zamu za timu za kuchagua vijana. Zilizotoka, na zile za kubadilishana, tumezikata kwa chaki nyekundu. Safi imebaki moja, ya 2031. Odell, kiongozi wa watandika sakafu, huja kuitazama kila asubuhi na kusema:

"Bernie, dada'angu, huyo mtoto wa 2031 sasa hivi yuko darasa la nane! Anagombana na mama'ake kuosha vyombo. Ole wake atakayemgusa!"

Huwa tunacheka. Juzi hatukucheka. Nililetewa karatasi kutoka ofisini kwako: nishone jezi ya Boyle, namba nane. Boyle si wetu, anachezea timu nyingine, ana miaka thelathini na tano, na mwisho wa kubadilishana wachezaji ni kesho saa tisa alasiri. Wote tuligeuka kuutazama ubao.

"Wanatumaliza hawa," Odell alisema, akakaa juu ya ndoo.

Tunaogopa, mgeni rasmi. Watu wanakuja ukumbini kwa sababu ya kijana wanayemsubiri. Wasipokuja, timu itahamishiwa mji mwingine, na sisi hatutahamishwa nayo.

OMBI
Safari hii tunaomba usituletee kitu. Tuache tufungwe hiyo miaka mitano, kazini tutafika. Zamu ya 2031 ibaki.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na kesho aijalie simu yako iishiwe chaji saa nane na nusu.

Karatasi ya Boyle ninayo mfukoni. Sijashona hata herufi moja. Ukisema nishone, nitashona, ni kazi yangu. Ila useme hapa hapa, mbele ya wenzangu.

Ni sisi,
Watandika sakafu, wafuaji, washonaji na wauza vyakula wa ukumbi wenu, Toledo.