Sanduku la Bati la Mwalimu Selpher

Asiyeamini nitakayoyasoma anyooshe mkono sasa hivi, kabla sijafungua hii karatasi, kwa sababu nawajua, nikifika katikati mtaanza kunong'onezana eti Sylvanus ameanza mambo yake, na leo sina nafasi ya kubishana na mtu. Nasema hivi: mama huyu aliyelala mbele yetu, ambaye nusu yenu mlikuwa mkimwona njiani mnajitosa kwenye miwa, alikaa kwenye kigoda akalia machozi juu ya mpira wa makaratasi. Hakuna mkono? Haya, tuendelee.

Marehemu Mwalimu Selpher Awinja Shitanda alizaliwa tarehe 9 Agosti 1936 kijijini Musanda, akiwa mtoto wa pili katika nyumba ya watoto sita, akalelewa kwa jembe na kwa maombi, na mwaka 1944 akaanza masomo katika shule ya misheni, ambako hakuna mtihani uliowahi kumshinda, jambo ambalo halikurithiwa na kila mtoto wake, na huyo aliyekosa kurithi ndiye anayewasomea.

Alihitimu ualimu mwaka 1956, akafundisha katika shule mbalimbali za upande wa Navakholo, miaka mingi akiwa darasa la tatu, hadi alipostaafu mwezi Desemba 1991. Katika miaka hiyo yote, kitu chochote cha kuchezea kilichoonekana darasani, kiwe pia ya kuzungusha, manati, mwanasesere wa gunzi la mahindi au gari la waya, kiliingia kwenye mkoba wake, kikatoka mkobani kikaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, na anayelia aliambiwa maneno yale yale, kwamba atakipata siku atakapokuwa na mtoto wake mwenyewe, sasa afute kamasi afungue kitabu.

Tarehe 12 Desemba 1959 alifunga ndoa na Barnaba Shitanda, dereva wa trekta, mtu mpole aliyecheka polepole, ambaye alitutangulia mwaka 1990, na Mungu akawajalia watoto watatu, ambao ni Sellah, aliyezaliwa 1961 na kuolewa Lugari, Lusweti, aliyezaliwa 1964 na kusomea umeme Sigalagala, na kitinda mimba wao, Sylvanus, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1971, kijana mtanashati, hodari wa kulehemu, mnayemwona hapa mbele.

Huyo Sylvanus, mwaka 1983, alitengeneza lori la waya lenye trela la kubebea miwa, lori ambalo halijapata mpinzani mpaka leo katika wilaya nzima ya Kakamega, na anayebisha alete lake. Magurudumu aliyakata kwenye malapa ya baba yake, hata Mzee Barnaba akashinda wiki nzima akitembea na lapa moja kama mtu aliyesahau jambo. Lori hilo Sylvanus alilipeleka shuleni kujionyesha, mama yake akapita darasani kwao kuazima chaki, akaliona, akalichukua mbele ya kila mtu. Jioni kijana alijua ni mchezo tu, litarudishwa mezani pamoja na obusuma, ugali wetu, lakini alipouliza, marehemu aliendelea kugawa mboga akamwambia, "Hapa mimi ni mama yako. Lori liko kwa mwalimu. Kamwombe mwalimu."

Alimwomba mwalimu. Mwalimu akamwambia atalipata akiwa na mtoto wake. Tangu siku hiyo wawili hawa walizungumza kama watu wa ofisi, na mwaka 1988 Sylvanus aliiacha shule akiwa kidato cha pili, wengine wanasema ni karo, wengine wanasema ni kichwa, yeye mwenyewe husema alikuwa ameshajua yote.

Sasa sikilizeni vizuri. Marehemu alipostaafu alivuta sanduku, akalifungua, akakuta kutu imekula magari, panya wamekula wanasesere, na ule mpira wa makaratasi umemumunyuka mkononi mwake, na hapo ndipo alipolia, maana aliwakumbuka wenyewe mmoja mmoja, na wengi walikuwa wameshazaa, na ahadi ilikuwa ahadi. Basi asubuhi moja ya Februari 1992 mafundi wa nyuma ya soko la Kakamega walimwona Mwalimu Selpher akishuka kwenye baiskeli ya bodaboda na kikapu, akasimama mbele ya karakana ya mwanawe, akasema, "Nifundishe kukunja waya."

Walioshuhudia wapo hapa. Sylvanus alimpa kigoda, akamwonyesha jinsi ya kushika koleo, jinsi ya kusugua kutu kwa mchanga na mafuta ya taa, jinsi ya kukata gurudumu la lapa kwa kisu kilichopashwa moto, na alipokosea, mwanawe alimpigia kelele, "Mwanafunzi! Rudia!" naye alirudia, huku akinyonya kidole kilichoungua, akisema, "Ngoja tu, Sylvanus, tutaonana nyumbani." Miaka tisa ya kusalimiana kiofisi iliishia pale, kwenye vumbi la chuma, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

Waligombana kwa jambo moja tu. Sylvanus alipenda vitu ving'ae, akachukua gari la watu akalipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mteja, na marehemu alipolipeleka kwa mwenyewe, baba wa mtoto aligeuza, akageuza, akauliza, "Mwalimu, hili ni la nani?" Marehemu alirudi nalo, akakaa siku mbili akikwangua rangi kwa kipande cha chupa, akasema, "Wewe unapendanga kung'arisha mpaka mtu anapotea. Acha palipoumwa na meno. Hapo ndipo mwenyewe anajijua." Kuanzia hapo alishona na kufunga palipokatika tu, na kamba ikiwa bado inashika hakuibadilisha.

Alizunguka hivyo boma kwa boma, na sharti lilikuwa kwamba mzazi anyooshe mikono miwili, aseme asante mwalimu, ndipo mtoto apewe. Naibu wa chifu, mzee wangu, usiangalie chini, sote tunajua ulipokea manati yako ukiwa na kofia ya serikali kichwani na binti yako mgongoni, na uliinama vizuri kuliko wengi.

Kufikia mwaka 1996 sanduku lilikuwa limebaki na kitu kimoja. Mwenye kitu hicho alimwambia, "Mama, si unipe tu, uondoe sanduku njiani?" naye akajibu kwamba naibu wa chifu hakupewa bure, fundi wa baiskeli hakupewa bure, na mtoto wa mwalimu hatapewa bure. Lakini alilikarabati mapema, akabadilisha gurudumu moja, na kila alipomtembelea mwanawe alichungulia nyuma ya pazia la chumba kana kwamba kuna mtu amefichwa.

Mnamo Januari 1997 alianza kuugua kisukari, miguu ikavimba, baadaye moyo ukachoka, akalazwa mara tatu, na mwanzoni mwa mwaka huu madaktari walitushauri tumrudishe nyumbani. Hapo hakuuliza habari ya shamba wala ya ng'ombe, aliuliza lori. Tarehe 7 Machi 1998 Sylvanus alimletea mwanawe wa kiume wa miaka mitatu, ambaye wengi wenu hamkuwa mmemjua, marehemu akainuliwa kwenye mito, akalitoa lori chini ya blanketi, Sylvanus akanyoosha mikono, akasema yaliyotakiwa, na mtoto akalisukuma sakafuni mpaka mlangoni. Marehemu alilala Jumapili ya tarehe 22 Machi, saa kumi na moja alfajiri, hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupasua kuni bila kuitwa, walimu wenzake, mafundi wa nyuma ya soko waliofunga kazi leo, na kila aliyekuja na kile alichorudishiwa, maana naona magari ya waya mengi kwenye hema hili. Mwalimu, kengele imelia, nenda ukapumzike.

Karatasi inaishia hapo. Lakini msiinuke, kuna mahali nimeruka.

Yule mtoto si wangu. Ni wa Jepkoech, anayeuza chai mlango wa pili kutoka karakana yangu, mnamwona pale kwenye sufuria. Nilimwazima mtoto kwa saa moja. Nilimwambia Mama kwamba mtoto anaitwa Barnaba, kama Baba. Mama, mwalimu wa darasa la tatu, hakuniuliza tena mimi, alimwinamia mtoto mwenyewe: "Wewe unaitwa nani?" Akajibu kwa sauti, "Kipyegon!" Nikasema ni jina la utani. Mama akasema, "Haya," akatoa lori.

Nilitembea wiki mbili nikijisifu moyoni kwamba nimemdanganya Mwalimu Selpher, mimi mtu wa kwanza duniani kumweza. Juzi Jepkoech ndiye aliyenivua nguo. Anasema alipokuja kumchukua mtoto, Mama alimshika mkono akamwambia, "Naona si wake. Hata kumbeba hajui, alimshika kama mtungi wa gesi. Naibu wa chifu asisikie, lakini nimevunja sheria yangu. Hilo lori limekaa gizani kwa sababu yangu, nilitaka kuliona likikimbia. Msimnyang'anye mtoto."

Hatutamnyang'anya. Nami nilimuuliza Jepkoech kama naweza kujifunza kumbeba. Amesema nimuulize tena baada ya mazishi, na nisije na maneno mengi.